Perpetua Ngulumbi Ni Mtu Mmoja

Wapo watakaosema nchi hii haikuwahi kuwapo. Tusibishane nao. Hata baadhi ya wananchi wake hawakuwapo, na walikuwa na barua za serikali zenye muhuri kuthibitisha hivyo.

Katika nchi hiyo, ghorofa ya chini kabisa ya Wizara ya Kumbukumbu, palikuwa na masjala, chumba kinamotunzwa mafaili, na ndani ya masjala palikuwa na karani mmoja, Perpetua Ngulumbi. Alikaa humo miaka thelathini na mmoja. Ukienda kwake ukasema, "Natafuta faili la babu yangu aliyegombea shamba na kanisa," hakukuuliza namba. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha akaenda moja kwa moja kabati la tisa, droo ya pili, akarudi nalo huku akilipangusa vumbi kwa kanga.

Mumewe alikuwa amefariki zamani na hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo hakuna aliyemwita mama fulani. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Bi Perpetua, na yeye aliitika.

Ikafika siku ya kuzinduliwa kwa Kanzidata Kuu. Kanzidata ni daftari kubwa lisiloshikika, linalokaa ndani ya kompyuta, kila mwananchi na mstari wake. Aliyeizindua alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Hezekia Bulukuta.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "karatasi ni adui wa maendeleo! Karatasi huloa! Karatasi huliwa na panya! Mbaya zaidi, karatasi huweza kusomwa na mtu yeyote anayejua kusoma! Kuanzia leo taarifa zenu zote, za kuzaliwa, kuoa, kuugua na kufa, zitakaa mahali pamoja, na serikali itawajua kuliko mnavyojijua. Mtu akitaka kujua kama ameshiba, atauliza!"

Watu walipiga makofi. Makofi yakaingizwa kwenye kanzidata.

Aliyekuja kuchukua mafaili aliitwa Bwana Amosi Lukindo, Afisa Mkuu wa Usafi wa Taarifa, mtu mzima mwenye tai fupi na subira ndefu. Bi Perpetua alimkabidhi funguo, halafu akasita.

"Bwana Lukindo, humu kuna watu wanaofanana majina. Yupo Perpetua Ngulumbi mwingine, wa Kitope, huko milimani. Sote wawili tumeandikwa tumezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka mmoja. Makarani wa zamani, asiyejua siku yake ya kuzaliwa walimpa hiyo. Msije mkatuchanganya."

Bwana Lukindo alitabasamu kwa huruma. "Mama, kompyuta haichanganyi. Wanaochanganya ni watu."

Mafaili yakapakiwa kwenye malori, yakapelekwa kiwanda cha trei za mayai. Bi Perpetua akapewa cheti cha shukrani kilichoandikwa "Kwa Ndugu Mhusika", akaambiwa apumzike.

*

Alipumzika. Alikuwa na chumba kimoja Mtaa wa Ghalani, na huko aligundua mambo ambayo kazi ilikuwa imemficha. Aligundua kwamba ugali wa mtu mmoja ni mgumu kuupima kuliko ugali wa watu kumi. Aligundua kwamba mtu akikaa siku tatu bila kusema, siku ya nne akimsalimu muuza mkaa sauti hukwaruza kama bawaba. Simu yake aliiweka dirishani, mahali pa kuonekana, wala haikulia.

Siku moja ikalia. Ujumbe ulisema: PERPETUA, MBUZI WAKO WATATU WAMECHANJWA. SERIKALI INAKUJALI.

Bi Perpetua hakuwa na mbuzi. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtumishi mtiifu wa serikali, alichungulia chini ya kitanda.

Wiki iliyofuata akaarifiwa kwamba amechaguliwa katika kamati ya maji ya Kitope. Halafu alipokwenda kliniki ya macho kuchukua miwani aliyopimiwa, mhudumu alitazama kioo cha kompyuta akasema, "Umeshaichukua juzi, Kitope." Hapo Bi Perpetua akaelewa. Akaenda wizarani kumwona Bwana Lukindo, ambaye sasa alikaa pale palipokuwa na kabati la tisa.

"Mmetuunganisha," alimwambia. "Mimi na yule wa Kitope."

Bwana Lukindo alibonyeza, akasoma, akafurahi. "Si kuunganisha, mama. Ni kusafisha. Mfumo umeondoa rekodi pacha laki nne. Jina moja, siku moja ya kuzaliwa, basi ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili kwa tamaa. Perpetua Ngulumbi yuko mmoja."

"Na mimi ni nani?"

"Ndiye wewe."

"Na yule mwingine?"

"Ndiye wewe pia." Akainama mbele, akapunguza sauti kama anayetoa siri njema. "Unajua umaskini umepungua kwa theluthi? Maskini wengi walikuwa wana majina yanayofanana. Mheshimiwa amepewa nishani."

Bi Perpetua akarudi nyumbani bila miwani.

*

Jumapili moja mchana alikuwa anachagua mchele kwa kupapasa, maana mawe hakuyaona vizuri, simu ikalia tena. Aliisogeza mbali na uso wake ili asome.

Shikamoo mama. Ni Festo. Serikali imenitumia namba yako mpya, wanasema ile ya zamani ilikuwa makosa. Niko salama, mgodini tunaingia zamu mbili. Huku mtandao wa kuongea hakuna, ni ujumbe tu. Umekula?

Bi Perpetua aliweka simu chini. Akaichukua. Akaandika, "Samahani, umekosea," akayatazama maneno hayo, akayafuta. Shikamoo isiyoitikiwa ni dhambi, alijiambia. Ataitikia tu, kwa adabu, kisha ataeleza.

Aliandika: Marahaba mwanangu. Nimekula. Na wewe?

Maelezo yakasubiri Jumapili iliyofuata. Jumapili iliyofuata Festo alikuwa anakohoa, na mtu mwenye kikohozi hapewi habari nzito. Alimwandikia achemshe tangawizi. Iliyofuata, Festo alikuwa amepata viatu vipya vinavyombana kisigino. Kisha alipewa usimamizi wa watu sita, kisha akaota ndoto ya nyumbani. Miezi mitano ikapita hivyo. Siku za Jumapili Bi Perpetua alijitanda kanga safi kabla ya kukaa dirishani.

"Bi Perpetua, unacheka na nani humo ndani?" jirani aliuliza siku moja.

"Na mwanangu," alijibu.

Neno lilitoka lenyewe. Aliufunga mlango, akakaa kitandani na aibu yake mpaka chai ikapoa, maana alijua vizuri, kama alivyokuwa akijua kila droo, kwamba mahali fulani huko milimani yupo mwanamke asiyepata ujumbe.

*

Kisha, Jumanne moja, simu ikamwambia: PERPETUA, UMELAZWA HOSPITALI YA WILAYA KITOPE. HOMA YA MAPAFU. MTU WA KUARIFIWA: PERPETUA NGULUMBI. UGUA POLE.

Alisimama katikati ya chumba, mzima, akiogopa. Alikusanya kanga mbili na simu, akaenda stendi. Kwenye dirisha la tiketi keshia alipiga jina lake, akasikitika.

"Mama, wewe umelazwa. Mgonjwa aliyelazwa hasafiri."

"Si unaniona nimesimama hapa mbele yako?"

"Nakuona, mama," alisema keshia kwa heshima zote. "Lakini mimi ni keshia tu."

Akapata lifti ya lori lililokuwa linapeleka trei tupu za mayai milimani. Dereva alimpangia nafasi nyuma, katikati ya rundo. Walipofika kwenye mwanga wa nyikani, Bi Perpetua aliona kwamba trei zile za kijivu zilikuwa na vipande vya maandishi ambavyo kiwanda kilishindwa kuvisaga: nusu ya jina, sehemu ya muhuri, tarehe ya harusi ya mtu. Kwenye moja aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Aliishika mapajani safari nzima, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kitope, nesi wa mapokezi aliuliza jina. Aliposikia, alimkemea.

"Perpetua Ngulumbi! Nani alikuruhusu kutoka wodini?"

"Sijalazwa. Nimekuja kumwona Perpetua Ngulumbi."

"Kanuni hazina saa ya mgonjwa kujitembelea. Rudi kitandani, daktari asije akatugombeza." Akampa gauni la hospitali, akamsukuma mpaka kitanda cha kumi na nne. Kitandani palikuwa na mwanamke mwembamba mwenye macho makali. "Wawili kitanda kimoja, lakini rekodi ni moja, hivyo hatujavunja sheria. Laleni mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule."

Yule mwanamke alimtazama mgeni aliyelazwa miguuni pake. "Wewe nani?"

"Perpetua Ngulumbi."

"Bibi wee, usinitanie, mimi mgonjwa."

"Sikutanii, wajina. Nimetoka mji mkuu. Wametufanya mtu mmoja."

Mwanamke alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nesi akaja. Alipotulia, alivuta mfuko chini ya mto akatoa miwani. "Basi hii yako. Nililazimishwa kuichukua. Nikiivaa naona dunia imevimba."

Bi Perpetua aliivaa. Aliiona wodi nzima kwa mara ya kwanza, na uso wa mwenzake, uliokonda kuliko alivyodhani.

"Hapa wananiita Mama Festo," alisema yule mwanamke. "Miwani si kitu, hata laini yangu kufungwa si kitu. Kinachonila ni mwanangu. Yuko mgodini. Kila Jumapili alikuwa haachi kuniandikia. Sasa mwezi wa tano, kimya. Nilipokwenda ofisini kuuliza, wakaniambia eti mimi nimehamia mji mkuu. Labda mtoto ameona mama amekuwa mzigo."

Uji ukaletwa, Bi Perpetua akaunywa. Alijua viatu vya Festo vinambana kisigino gani. Angeweza kunyamaza mpaka aruhusiwe kutoka, na hakuna kanzidata ambayo ingemsuta.

Akaitoa simu kifuani, akaiweka mkononi mwa Mama Festo.

"Hakukunyamazia," alisema. "Alikuwa anakuja kwangu. Na mimi nilimwitikia."

Mama Festo hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimrudishia simu. "Nisomee."

Bi Perpetua alisoma. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Alisoma ujumbe wa Festo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Soma na ya kwako," alisema Mama Festo.

Akasoma na ya kwake. Marahaba mwanangu. Pole mwanangu. Chemsha tangawizi mwanangu.

"Tangawizi?" Mama Festo alijiinua kwa kiwiko. "Festo tangawizi humtoa vipele mwili mzima! Tangu ananyonya!" Akajitupa tena, akageukia ukuta. Kisha, bila kugeuka: "Ile mara ya kwanza aliuliza kama nimekula. Wakati ule nilikuwa nimelala njaa siku mbili, mwili umeninyima nguvu ya kuinjika chungu. Na wewe ukamjibu nimekula."

Kitanda kilikuwa chembamba, na hapakuwa na mahali pa kwenda kujificha. Bi Perpetua alilala pale, miguu ya mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemwibia ikiwa karibu na uso wake, ikiwa ya baridi. Baada ya muda aliivua kanga yake akaifunika. Mama Festo hakuiondoa miguu, wala hakushukuru.

Asubuhi alisema, "Mwandikie. Mwambie ukweli."

Bi Perpetua aliandika yote, bila kujipunguzia. Jibu lilikuja jioni: Mama, homa imekupanda kichwani. Pumzika. Nakupenda.

*

Siku kumi baadaye waliruhusiwa kwa hati moja ya kutokea, wakapita getini wameshikana mikono ili mlinzi ahesabu mmoja. Mama Festo alimwachia mkono mara tu walipofika barabarani. Safari yote ya kwenda mji mkuu alikaa kiti cha mbele kwa tiketi ya jina lao, na Bi Perpetua alisimama nyuma kama mzigo uliosahauliwa kuandikwa.

Wizarani, Bwana Lukindo aliwaona wawili mlangoni akainua kiganja. "Mmoja asubiri nje. Mfumo unamhudumia mmoja."

"Nani?" aliuliza Mama Festo.

"Yeyote. Ni yule yule."

Waliingia wote wawili. Mama Festo alipiga meza kwa ngumi yenye mifupa. "Wewe baba, hukusomeshwa kuhesabu? Moja! Mbili! Mwanangu anaambiwa mama yake ni namba ya mtu mwingine, na mimi niko hai!"

Bwana Lukindo aliona haya kidogo, maana naye alikuwa na mama. Alipekua mwongozo, ukurasa baada ya ukurasa. "Kugawa mstari haiwezekani," alisema hatimaye. "Mheshimiwa amekwisha kutangaza idadi. Njia ni moja tu. Mmoja wenu abaki na mstari na kila kilichomo: namba, mtoto, mbuzi, historia. Mwingine aandikwe upya. Na wa kuandikwa upya, mfumo unakubali aina moja tu."

"Aina gani?"

"Aliyezaliwa leo."

Kwenye mstari ule mlikuwa na miaka thelathini na mmoja ya masjala, na mlikuwa na ndoa ya Bi Perpetua, jina la mumewe, siku waliyofunga.

"Na marehemu mume wangu?" aliuliza taratibu.

"Atabaki humo. Huyu mama atakuwa mjane wa waume wawili. Mtoto mchanga hana ndoa."

Bi Perpetua alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaivaa. "Festo yumo kwenye mstari," alisema. "Mwachie yeye. Niandike mimi."

Bwana Lukindo alianza kuandika. Jina, Perpetua. Jinsia, ke. Siku ya kuzaliwa, leo. "Uzito?" Akamtazama, akaacha wazi. "Jina la mama?"

"Alikufa. Hayumo kwenye kompyuta yenu."

"Nafasi hii haiwezi kuachwa wazi, mama. Nikiiacha, mfumo unakataa, nawe utakuwa hukuzaliwa."

Bi Perpetua aliwaza watu wote aliowahi kuwatolea mafaili. Hakumpata hata mmoja wa kumwomba. Hapo Mama Festo, aliyekuwa ameangalia dirishani muda wote, alikohoa.

"Andika mimi."

"Dada..."

"Nyamaza. Usidhani nimekusamehe." Akamgeukia Bwana Lukindo. "Andika, baba, kabla sijabadili nia."

Mwisho wa mwezi Mheshimiwa Bulukuta alilitangazia taifa kwamba watoto wa nchi hiyo sasa wanazaliwa wakiwa na afya bora zaidi, wengine wakitembea na kuweka saini siku ile ile.

*

Mama Festo alirudi Kitope na namba yake, na ujumbe wa mwanawe ukarudi kwake. Bi Perpetua alirudi Mtaa wa Ghalani. Simu yake ilikufa, kwa kuwa mtoto mchanga hasajiliwi laini. Jumapili zilikuja bila kitu ndani yake. Aliona kila kitu vizuri sasa, kwa ile miwani: vumbi la dirishani, nyufa za ukuta, kikombe kimoja kwenye sahani moja. Siku nyingine alijisemea jina lake kwa sauti, apate kujua kama bado linaita mtu.

Mwezi wa pili mlango ulibishwa. Alikuwa nesi wa mtaa, na mzani wa kutundika wa kupimia watoto begani.

"Hodi. Nimekuja kumpima mtoto Perpetua. Hajaletwa kliniki hata mara moja."

"Ni mimi."

Nesi alimtazama, akatazama karatasi yake, akapumua kama mtu aliyeyaona mengi mwaka ule. Hakuutundika mzani. Aliketi kwenye kigoda, akaanza maswali.

"Mtoto ananyonya vizuri?"

"Anakula ugali."

"Anacheza na watu? Anatabasamu akisemeshwa?"

"Hasemeshwi."

Kalamu ilisimama. "Nani analala na mtoto?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

Nesi aliandika jambo, akalipigia mstari chini mara mbili. Alipoondoka alimshika Bi Perpetua bega, akamwambia pole, kama watu wanavyoambiana msibani.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja ya Alhamisi, Bi Perpetua akifagia mbele ya mlango, aliona mwanamke mwembamba anapanda mtaa na mfuko begani, akisimama kila nyumba ya tatu kuvuta pumzi. Alifika, akatoa barua ya serikali iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi.

"Soma," alisema Mama Festo. "Eti nimemtelekeza mtoto mchanga. Eti nisipokwenda kukaa naye mpaka atimize miaka mitano, nitafungwa. Umri huu, mimi nifungwe kwa ajili yako!"

Bi Perpetua alisoma barua mpaka mwisho, kisha akaisoma tena, kwa sababu hakuweza kuinua uso. "Festo anajua?"

"Nimemweleza yote, safari hii kwa mkono wangu. Hajajibu. Anafikiri." Mama Festo alivua viatu mlangoni, akavipanga ukutani. "Na usijidanganye. Sikuja kwa mapenzi. Nimekuja kwa barua."

"Nimesikia."

"Vizuri. Nipokee mfuko."

Bi Perpetua aliegemeza ufagio, akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito mno kwa mtu aliyekuja kwa barua tu.